Mkanda wa Mzee Kokko

Faili lilisema: aina ya pili.
Miaka hamsini na minane, vidonge vya metformini,
apunguze mkate, atembee.
Nikakubali. Mwanafunzi hukubali.

Nje ya dirisha la wodi, Kuopio,
saa tisa mchana na giza limeshaingia,
ziwa limeganda mpaka ng'ambo.
Mzee Kokko akaomba maji. Jagi la nne.

Nilipomfungua mkanda nikaona matundu matatu mapya,
ametoboa mwenyewe kwa msumari.
Pumzi yake ilinukia tunda lililoiva mno.
Nikamchoma kidole: ishirini na nne.
Ketoni: nyingi.

"Umri si kipimo," alisema Raija,
akamwita daktari, akatundika dripu,
kisha, mikono ikiwa kazini, akaniuliza
aina ya pili ni nini.
Insulini ipo, nikajibu, inabisha hodi,
seli zinachelewa kufungua.
"Na hii?"
Nikanyamaza.
"Hii, mbisha hodi ameuawa njiani.
Kinga ya mwili imelivamia kongosho lake yenyewe."
Nikakumbuka: kikulacho ki nguoni mwako.

Majibu ya kingamwili yalirudi siku ya tano.
Tukafuta neno moja kwenye faili.

Leo namfundisha kalamu ya insulini.
Vidole vya mpasua mbao; cha shahada hakipo.
"Yaani hata uzeeni?"
Hata uzeeni.
Anafinya ngozi ya tumbo, anadunga,
anahesabu mpaka kumi, polepole, kwa Kifini,
ndipo anachomoa.

Nampa glasi ya maji.
Anakunywa nusu, anaisahau.