Wenye Dau

Niliitwa kuandika
Maneno yanayoruka,
Yasije yakatoweka
Wakinena ukumbini.

Ilikuwa Jumanne,
Ghorofani, saa nne;
Wenye mali wakutane
Na wa Wizara, Ganjoni.

Jambo lilikuwa hili:
Vyuma vya ndani ya mwili,
Bima walipe kamili
Au nusu ya thamani?

Wizara yataka sasa
Orodha kuitakasa,
Lakini kabla kugusa
Itachukua maoni.

Yuko Bwana Taibali,
Huleta goti la mbali,
Kalilaza mahameli
Kama pete kibwetani.

"Mkipunguza," asema,
"Bei hii, nitakoma
Kuleta chochote chema,
Mtarudi magongoni."

Akajibu Bi Mukami,
Mwenye makali ulimi:
"Huko litokako, kumi,
Na hapa mia, kwa nini?"

Mwenye hospitali kuu
Kanyosha kidole juu:
"Kwa mpango wenu huu
Pengo atalipa nani?"

Kimya. Feni ikalia.
Mmoja akakohoa.
Mwenyekiti kafungua
Chupa ya maji mezani.

Ndipo ikaletwa chai,
Na mahamri, na mayai;
Mletaji, simjui,
Achechemea mwendoni.

Jina nilijua nyuma:
Mwanakombo wa Mshama.
Goti lake ni la chuma,
Miaka miwili ndani.

Kaona lile sanduku,
Sinia kaweka huku;
Pasi hofu, pasi shuku,
Mara goti kiganjani.

Kalipima kwa adabu
Kama sonara dhahabu,
Akacheka kwa ajabu
Na huku jasho usoni:

"Kumbe chuma si kizito!
Ni chepesi kama kito.
Usiku, juu ya mto,
Kinacholemea, deni.

"Bima tunayo ya kazi:
Mume wangu, mpakuzi,
Na hukatwa kila mwezi
Mshahara, bandarini.

"Walilipia kitanda
Na kushonwa kwa kidonda;
Chuma chenyewe? 'Twapenda,
Hakitajwi orodhani.'

"Nakaanga, nakaanga
Mahamri haya; na unga
Ni wa kukopa; na mwanga
Hunikutia jikoni.

"Mwaitana 'ni wadau';
Mdau ni mwenye dau.
Langu mbona mwasahau,
Nami nalo mfupani?"

Mwenyekiti, kwa upole,
Kamwonyesha meza ile:
"Mama, fomu zipo pale,
Mwisho ni kesho jioni."

Fomu ya Kiingereza,
Kurasa sita kujaza:
"Bidhaa gani wauza?
Taja jina la kampuni."

Nilisoma, akacheka;
Kalamu yangu kashika;
Doa la samli kaweka
Pale juu, ukingoni.

Yeye kajaza "mahamri."
Na kampuni? Kafikiri,
Akanyanyua nadhari,
Akaandika: "Jikoni."

Kazini nimeandikwa
Kuwataja waalikwa;
Mengine hayakuwekwa,
Yakabaki kalamuni.

Ripoti ilipotoka
Kwa jalada la kuwaka:
"Kila mdau kafika,
Akatupa na maoni."

Yeye, mstari mmoja
Kati ya hoja na hoja:
"Saa tano, chai yaja;
Ikanywewa ukumbini."

Bei zikashuka kweli:
Kwa mia, shilingi mbili.
Naye Bwana Taibali
Angali yupo sokoni.

Nikafungua daftari,
Kwenye majina tayari
Nikamtia kwa siri,
Jina lake, pambizoni.

Juzi nilimsikia
Kabla ya kumwangalia,
Goti lake likilia
Ta! ta! ta! juu ngazini.