Robo ya Wimbi

Milimita kumi na mbili na ushei:
ndiyo robo ya wimbi la masafa yangu,
urefu wa ukucha wa gumba
la mtu asiyelima.
Kipande hicho cha shaba nilikipigania miezi tisa, huku Oulu,
mbele ya wanaume waliolichora gari kama kokoto ya mtoni,
laini, lisilo na mahali pa upepo kushika.

"Sirkka," wakaniambia, "paa litakuwa kioo.
Abiria atazame nyota."
Nikasema: nyota atazitazama, ila nani atamsikia?
Antena hutaka bati chini yake
kama mguu unavyotaka ardhi.
Iweke juu ya kioo, itapepesuka,
itasema na mbingu na kusahau mbele,
kule kule lori linakotokea.
Wakanipa upana wa kiganja, nyuma ya paa.
Wakaniambia nishukuru.
Nikashukuru.

Chumba chetu cha kupimia hakina mwangwi.
Kuta zimeota miiba ya sifongo ya buluu;
ukikohoa, kikohozi humezwa kabla hujakisikia.
Gari huzunguka juu ya sinia, digrii moja, digrii moja,
nami nachora ua la nguvu zake:
hapa limechanua, hapa limesinyaa,
hapa, kwenye nguzo ya mlango, pana shimo la desibeli ishirini.
Siku ile nilipata ua zuri.
Nililibandika jikoni kwangu, juu ya birika.

Januari, barabara ya Ivalo.
Veikko Palojärvi, dereva wetu wa majaribio,
alimkwepa paa, yule wa kaskazini, wa pembe za matawi,
na paa la gari likawa sakafu.
Antena yangu, na ua lake lile,
ikazikwa kichwa chini katika theluji mbichi,
gari zima limeikalia.
Gari likaita. Likaita.
Kumbukumbu zinaonyesha mara arobaini na moja.
Mnara wa simu ulikuwa nyuma ya kilima kimoja tu.

Aliyemsikia ni mbwa wa Niillas, mchunga mifugo ya pembe,
mbwa aliyekataa kupita.
Saa tatu Veikko alikuwa amening'inia kwenye mkanda.
Vidole viwili vya mkono wa kushoto
vilibaki hospitali ya Rovaniemi.

Nilirudi. Nikabandua ua.
Nikaomba winchi.
"Ligeuzeni."
"Liangalie wapi?"
"Halitaangalia popote. Chali, kama kombamwiko."
Mkuu wa idara akasema hakuna kanuni inayodai hivyo.
Nikamwambia kanuni haijawahi kuganda vidole.

Antena ya pili nimeificha ndani ya bampa,
kwenye plastiki, ambako wimbi hupenya
kama mwanga kwenye chandarua.
Ina umbo la herufi F iliyolala usingizi.
Ua lake ni baya, nakiri:
limeegemea upande, limeliwaliwa,
kama bustani iliyotembelewa na mbuzi.
Sitalibandika popote.

Siku ya kipimo Veikko alikuja bila kualikwa.
Hakusalimia mtu.
Alivua viatu, akatambaa,
akaingia ndani ya gari lililopinduliwa,
akajifunga mkanda, miguu juu.
Tukafunga mlango wa chuma.
Zamu ya kupokea simu ilikuwa yangu,
vipokea sauti masikioni, karatasi ya maswali mkononi:
Uko wapi? Mko wangapi? Kuna aliyeumia?

Kitufe kikabonyezwa.
Sekunde moja. Ya pili. Ya tatu, na
pumzi.
Pumzi tu, nzito, ya mtu aliyening'inia,
safi kana kwamba iko begani pangu.

Karatasi ile sikuisoma.
Nikasema, "Veikko, nakusikia,"
naye akaendelea kupumua,
nami nikaendelea kusikia,
na hakuna aliyetazama saa.