Viini Kumi na Kimoja

Hombolo, mwezi wa nane, saa mbili na robo asubuhi.
Nashuka kwenye pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi,
flashi mbili mfukoni: moja ya kazi, moja ya wasiwasi.
Yoeli Ndahani, karani wa ushirika, hanisalimii.
Ananionyesha skrini kwa kidevu,
kama mtu anayeonyesha mahali alipofia ng'ombe.

"Jana usiku iliniuliza: unataka toleo jipya?
Nikasema ndiyo. Nani anakataa kipya?"
Ikaenda, ikaenda, asilimia sitini na moja,
ikagoma.
Akaisubiri hadi saa saba.
Akachomoa waya.

Ah, Yoeli.
Lakini sisemi kitu. Anayelijua kosa lake
haongezewi fimbo.

Maandishi meupe gizani:
mzizi wa mfumo haukuonekana.
Kisha basi. Hata kishale hakipepesi.
Mzizi upo, nausikia; diski inakoroma chini ya meza,
nimeweka kiganja juu ya boksi
kama juu ya paji la mtoto mwenye homa.

Nje, kreti zimepangwa hadi kwenye mlango wa choo.
Zabibu si mtama, hazingoji ghalani.
Nyuki wameshafika, wao hawahitaji risiti.
Dirishani amesimama Bi Damarisi Chihoma,
kilo mia saba na kumi na mbili zimo humo ndani,
na karatasi zake, kwenye pindo la khanga,
jasho limezifuta tarakimu.
"Zimepotea?"
"Sijui bado, mama."
Anapenda jibu hilo kuliko nilivyotarajia. Haondoki.

Flashi ya kazi: mashine haiitambui.
Flashi ya wasiwasi: vilevile.
Nazima, nawasha, kidole juu ya Shift: nimechelewa.
Nazima, nawasha: nimewahi mno.
Mara ya tatu orodha inafunguka,
na hapo ndipo ninapoona.

Viini kumi na kimoja.
Miaka sita kila sasisho limeleta chake,
hakuna aliyeondoa hata kimoja,
wote wamebanana katika chumba cha kuwashia,
megabaiti mia tano, chumba cha mlinzi.
Cha kumi na mbili kilikuja jana usiku na mizigo yake,
kikakosa pa kukalia, kikafia mlangoni.

Nashuka mstari mmoja. Nachagua cha zamani.
Enter.

Maandishi yanateremka, yanateremka,
Yoeli ameshika kitasa cha droo bila kujua,
na mashine inaamka ikiwa imevaa nguo za mwaka jana.

Haijapona. Vifurushi mia moja arobaini na vitatu
si vya jana si vya leo,
kama maharusi walioaga kwao na hawajafika kunakohusika.
Naanza kufuta. Kiini cha kwanza. Cha pili. Cha tano.
"Unakata nini?" linauliza dirisha.
"Ya zamani, mama, yameziba njia."
"Kumbe unapogoa. Acha macho mawili.
Na hela yangu?"

Naacha viwili.

Kisha amri ya kumalizia kilichoishia njiani.
Umeme unapepesa mara moja.
Watu watatu tunaitazama taa
kwa adabu ambayo hatujawahi kuipa taa.
Inatulia. Mistari inaendelea,
mmoja mmoja, kama punje kwenye mizani ya sonara.

Saa sita kasoro: Chihoma, Damarisi. 712.
Anataka kuiona mwenyewe. Naigeuza skrini kwenye jua,
haoni kitu, anagusa kioo, anaacha alama ya utamu.

Yoeli anabonyeza kuchapa.
Printa inakohoa, inawasha taa nyekundu.
Anabonyeza tena.
Anavuta daftari, analamba kidole,
anatafuta kalamu inayoandika.