Gita la Bati, Makoroboi

Usiulize bei kwanza. Mimi niliuliza.
"Laki tisa," akasema Lubango, macho kwenye redio anayoichokonoa.
"La Mmarekani hilo. La kabla ya vita. Liangalie mwenyewe."

Basi nikaliangalia.
Nililipakata kama mtoto wa watu:
zito, baridi, tumbo lote bati,
na kifuani, pale magita mengine yana tundu,
hili lina kifuniko cha matobo, kama chujio la chai.

Nimeshadanganywa mara mbili,
nikajifunza pa kutazama.
Tazama skrubu: zikiwa mpya, kuna mtu ameshapita.
Tazama shingo kwenye mwanga, jicho moja limefumbwa,
kama seremala anavyousuta ubao.
Pitisha ukucha kwenye mshono.
Gonga. Halafu nyamaza, uliache lenyewe limalize kusema.

Namba ipo, nyuma ya kichwa:
tarakimu nne, na ya tatu imelala upande.
Kiwanda hakilazi tarakimu.
Hapo moyo ukaanza kushusha bei.

Nikaomba bisibisi. Akanipa bila kuniangalia.
Skrubu tisa; ya tisa ilikuwa msumari wa kiatu.
Kifuniko kikatoka, koni ikaonekana,
nyembamba, imefinyangwa kwa nyundo, duara kwa duara,
kama matone ya mwanzo juu ya maji ya Kirumba.

Nikaingiza kioo kidogo, kile cha daktari wa meno,
na mwanga wa simu.
Ndani, upande ambao hakuna aliyepaswa kuuona,
maandishi mekundu yamepinduka.
Nikayasoma kama mtoto wa darasa la kwanza:
A, B, M, A, P.
Pamba.
Mafuta ya pamba. Debe!

Na ule mshono, niliujua kabla sijajua kuwa naujua:
risasi imetambaa kwa vituo vifupi,
ikifika kona inajikunja mara mbili.
Ndivyo ilivyoshonwa koroboi ya bibi, kule Igogo,
iliyotusomesha wanne na kutupaka masizi puani.

Kwa hiyo mtu huyu hakuvuka bahari.
Labda aliliona moja mkononi mwa msafiri wa meli ya Bukoba,
akalibeba kichwani hadi kibandani,
akaliunda siku ambayo taa hazikununuliwa.

Ningeweza kunyamaza.
Ningesema: skrubu zimebadilishwa, namba ya uongo,
chukua laki moja.
Yote yangekuwa kweli.

Nikamwambia.
Lubango akaweka redio chini.
Akachungulia kwenye kioo changu, muda mrefu,
akaupapasa mshono kwa kidole gumba.
"Mzee Lushinge," akasema. "Kona zake hizi.
Alikaa kibanda cha tatu, pale wanapouza makava ya simu."

Redio ilikuwa ikikoroma peke yake.

"Ya Mmarekani yapo mengi?"
"Yapo."
"Na hili?"
Nikafunga skrubu ya kwanza, nikafunga ya pili,
nikautafuta ule msumari wa kiatu mchangani.
"Laki tisa ilikuwa bei ya la Mmarekani," akasema Lubango,
akinisogezea kigoda kwa mguu.
"Kaa. Tuanze upya."