Herufi ya Khatibu

Bi Mize alikaa juu ya kreti la soda
kibandani kwangu, Limbani,
akaniimlia, nami nikabonyeza:
kwamba bati la jikoni limeng'oka,
kwamba mkarafuu wa mpakani, ule wa ugomvi, mwaka huu umezaa,
kwamba Faki kaposa Kojani na mahari imeshatajwa,
kwamba goti ni lile lile.
"Na muulize, kala?"
Kidole kikaniuma.

Jibu lilikuja kutoka Salala
kabla hajafunga pindo la kanga:

K.

Akaisogeza simu mbali, akaisogeza karibu.
Herufi hiyo anaijua, ya kisomoni,
ya kuku, ya kata, ya kitana.
"K ya Khatibu," akasema.
"Katia saini. Barua kaisahau."

La, Bi Mize, nikamwambia. Hiyo ni oke, imekatwa kichwa.
Oke ni sawa. Ni haya, ni ewaa,
wakati mwingine ni nimesikia, niache.

"Kwao wapi?"
Mgeni haingii ukumbini kwake bila kutaja kwao.
Nikamweleza nilivyosoma: Marekani, zamani,
watu wa magazeti wakitaniana kwa kuandika vibaya makusudi,
wakaandika "yote sahihi" ya kwao
na herufi zote mbili za mwanzo wakazikosea.
Kosa likapanda meli, likapita kwenye waya,
likashuka kila bandari.
Wengine wanasema sivyo. Neno lina baba wengi.

Alicheka mpaka akalishika goti.
"Kumbe ni kosa linalosema hapana kosa!"

Nikamtetea mgeni: hata naam ilikuja, na sawa ilikuja,
zote zilivuka maji.
"Zilivuka," akasema, "zikafika na viungo vyao.
Huyu nikimwita uani, naam yake ilitangulia,
miguu nyuma, mchanga nyuma,
na kikombe kimoja kishavunjika."

Muuza urojo alipita akamwamkia.
Akaitikia yote: ya asubuhi, ya watoto, ya mbuzi aliyepotea.
Kisha akanigeukia.
"Andika K."
Ya oke?
"Ya kula. Hajanijibu kama kala."

Nikaituma.
Ile ya Khatibu nikataka kuifuta, simu ilikuwa imejaa.
Akanishika mkono.
"Iache," akasema. "Huenda ikaota kichwa."