Mikono ya Makadara

Saa kumi na moja na nusu nafungua dirisha.
Dirisha ni jina tu. Ni tundu, upana wa sahani ya chai,
na kioo cha juu yake kilipakwa rangi ya kijivu
na mtu aliyeona nyuso zinachelewesha kazi.
Basi mimi Kerubo, karani wa zamu ya alfajiri,
mwaka wa sita huu naijua Makadara kwa mikono.

Mkono hutangulia, sauti hufuata.
Julai vidole huja vimekauka kama kuni,
sarafu zina joto la mfukoni,
noti zinanuka saruji, omena, sabuni ya mche,
marashi yaliyopimwa kwa tone.
"Mjini, moja."
"Mjini mbili, huyu mtoto."
Salamu hakuna. Salamu hula dakika,
na treni ya kutoka Embakasi haimngoji msalimiaji.

Upo mkono wa hina iliyofifia:
Jumatatu hukopa shilingi tano, Ijumaa hulipa sita.
Upo wa mwanafunzi, kanuni za hesabu kiganjani,
nusu zimeshafutwa na jasho.
Upo wa mzee wa karakana ya reli,
kidole cha shahada kilibaki kwenye mashine,
hivyo hunionyesha ratiba kwa kile cha kati.
Siku ya kwanza nilidhani ananitukana.

Na upo mmoja wenye kovu la moto
kutoka kifundoni hadi gumbani, linang'aa,
kama ziwa kwenye ramani ya darasa la nne.
Huyo hupanga sarafu, kubwa chini, ndogo juu,
kisha hugonga mbao mara mbili, ko-ko,
kama mtu anayebisha hodi akiwa tayari yumo ndani.
Nikamwazia fundi wa kuchomelea vyuma,
baba wa watoto wanne.
Nikampa hata ndevu.

Honi upande wa Mutindwa.
Chai yangu inatetemeka kabla sijasikia magurudumu.
Mikono yote inanyofoka tunduni kwa pamoja,
nje ni viatu, viatu, kokoto, "songeni ndani!",
na mbele yangu noti ya hamsini iliyoachwa na haraka.
Chenji zisizodaiwa naziweka kwenye kopo la kakao,
nimezifunga karatasi, kila moja na jina:
Hina, kumi. Wino, tano. Ziwa, kumi na tano.

Jumamosi moja nilikuwa na likizo na msiba wa jirani,
nikapanda treni kama watu.
Behewa limejaa hadi pumzi inaombewa nafasi.
Nikashika chuma, na juu ya vidole vyangu, shibiri moja,
ziwa.

Nilisita kupandisha macho.
Kiwiko. Mkono wa sweta ya zambarau.
Mkoba begani, mwiko unachungulia.
Kisha mama, kilemba kimelegea,
amelala wima, mdomo wazi kidogo,
na treni inambembeleza kila inapopita juu ya kiungo cha reli.

Miaka sita nilikuwa nimemnyoa na kumfuga ndevu.
Lugha yetu haikunisaidia:
yeye ni yeye, huyu ni huyu,
mwanamume na mwanamke hupita mlango mmoja.
Sikumwamsha. Ningemwambia nini?
Kwamba nakujua, mama, lakini kwa kiganja tu?
Pale Stesheni Kuu alifumbua macho kabla breki hazijalia,
akashuka, akatoweka ndani ya koti za wengine.

Jumatatu. Ukungu. Foleni hadi kwenye ngazi.
Sarafu, kubwa chini, ndogo juu.
Ko-ko.
Nikasukuma tiketi, na karatasi iliyofungwa.
Mkono ukasimama.
"Ya nini hii?"
Sauti nyembamba kuliko nilivyoitunga.
"Chenji yako. Tangu mwezi wa tatu."
Nyuma mtu akafyonza, mwingine akaita, "Karani, treni hiyo!"
na ziwa likabaki pale kwenye mbao,
halijaondoka,
honi inalia.