Kilo Sita na Robo

Mwinjuma kaja naye ndani ya mfuko wa saruji,
kambwaga mezani kwangu hapa Gerezani
kati ya koki, betri na masufuria yaliyotoboka.
"Brasi hiyo, mama. Pima tupige hesabu."
Nikamwambia brasi haina weusi huu.
Hii shaba ya kale, kaiyeyusha mtu mwenye subira.

Mikono minne, mmoja umekatika kiwikoni.
Ua la yungiyungi. Chini ya wayo
chokaa ya Upanga bado imemng'ang'ania.
Wamebomoa nyumba, anasema, wanapandisha ghorofa kumi na mbili;
naye alikuwemo ukutani, kazibwa kwa tofali.

Nikamweka kwenye mizani. Mshale ukacheza, ukatulia:
kilo sita na robo.
Ndipo nikauona uso. Yaani, nikauona haupo:
pua imelika, macho yamelainika kama sabuni ya juzi.

Namjua.

Mama yangu alikuwa yaya kwa Kesarben.
Kila Alhamisi alimsugua huyu kwa ukwaju na majivu,
mimi nimekaa sakafuni nafyonza kokwa.
Majirani wakamteta: Binti Mwinshehe, muumini mzima,
unalea sanamu?
Naye hujibu bila kuinua kichwa:
"Mimi simwabudu. Namsugua.
Anayemwabudu hajui kama ana kovu nyuma ya sikio."

Siku akina Kesarben walipofunga mizigo
walichukua saa ya ukutani, cherehani, hata mapazia.
Kuhusu huyu hakuna aliyesema neno.
Usiku ule mama alirudi na chokaa kwenye kucha,
akanawa mara tatu,
na mpaka anaingia kaburini hakueleza.

Nimegeuza kichwa kuelekea mwanga wa mlango.
Nyuma ya sikio la kushoto: kovu.
Na pale puani, kidole gumba changu kikaingia
kama ufunguo kwenye kitasa chake.

"Mama, bei?" Jua linamchoma Mwinjuma.
Wenye tanuri Chang'ombe wanalipa vizuri mwezi huu.
Nimemhesabia noti juu ya noti, bei ya shaba,
nikaongeza elfu tano ya soda, asiulize.

Sasa saa moja usiku, banda nimefunga.
Sijui nimpeleke wapi. Hekaluni Kisutu wataniuliza nimempata vipi;
nyumbani kwangu kuna msala.
Nimemtuma mtoto dukani, ukwaju wa mia tano.
Majivu ninayo.